Mpini wa Pembe

Watu wanapenda kusema kwamba kazi ya mikono haisemi uongo. Wasemao hivyo ni wale ambao hawajawahi kukaa jirani na fundi. Kazi ya mikono inadanganya kama mdomo unavyodanganya, tena kwa utamu zaidi, maana uongo wa mdomo una wa kuubishia, na kitu kinachong'aa hakibishiwi na mtu.

Makali, kama mtaa ulivyomwita, alikuwa mtengeneza visu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, mlango wa pili kutoka kwangu. Habari hizi nilizipata kwake, kwa mkewe, na kwa shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye ndiye aliyepatwa nazo. Siziandiki ili kumdhalilisha mtu. Alichokosea Makali hukosewa kila siku na watu ambao mikono yao haijawahi kugusa chuma, isipokuwa wao hawaoni damu.

Chumba kile kilikuwa chembamba na kirefu. Upande mmoja kulikuwa na mashine ya kunolea, jiwe lake limekonda katikati kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Upande wa pili kulikuwa na meza nzito yenye jiliwa la kubania vyuma, na chini ya meza mabapa ya springi za magari mabovu, ambayo ndiyo aliyoyageuza kuwa visu. Lakini mteja mgeni hakuvutwa na chuma. Alivutwa na ubao mrefu chini ya dirisha, ambapo zilipangwa ngumi za udongo uliokauka, kubwa na ndogo, nyingine nene, nyingine zenye kidole kilichopinda. Kila ngumi ilikuwa alama ya mkono wa mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Makali. Ukienda kwake kutaka kisu hakukuuliza unataka kirefu au kifupi. Alikwambia, "Lete mkono." Aliushika, akaubonyeza chini ya kidole gumba, akavitanua vidole, akauliza unakata nini na kwa muda gani, unachoka wapi. Kisha alikupa donge la udongo mbichi ulifinye kama unavyoshika kisu. Donge lile ndilo alilolifuata alipochonga mpini. Mshona viatu alikuwa na wake, mpishi wa hoteli alikuwa na wake, hata mwanamke mmoja mfupi aliyekata maua ya kuuza alikuwa na mpini mwembamba kama kidole cha mtoto, naye alisema kuwa tangu aupate kifundo cha mkono kimeacha kumuuma.

"Makali hata jiwe lina makali," alikuwa akisema. "Kisu ni mpini. Hayo mengine ni chuma tu."

Alijaribu kila kitu kinachoweza kushikwa. Mti wa mpera, kwa sababu ni mgumu na haupasuki. Mkaratusi, akauacha kwa kuwa ulipasuka. Mfupa, ngozi, kamba ya katani iliyolowekwa kwenye gundi. Zaidi ya vyote alipenda pembe ya ng'ombe, ambayo alisema inapata joto la mkono haraka na hivyo mtu husahau kama ameshika kitu. Lakini pembe ina hila yake. Ukiipiga msasa kidogo, inashika. Ukiipiga zaidi, inapendeza na bado inashika. Ukizidisha hapo, inakuwa kioo, na ikipata mafuta haikai mkononi. Mpaka ulio kati ya kupendeza na kuteleza hauonekani kwa macho. Unajulikana kwa ncha za vidole peke yake.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria. Hakuna kisu kilichotoka bila kujaribiwa kwa mafuta. Makali alipaka mpini mafuta ya ng'ombe, akafumba macho, akakishika kisu na kukisukuma kwa nguvu zake zote, ncha ikiingia kwenye gogo lililokuwa pembeni. Kama mkono uliteleza hata kidogo kuelekea kwenye chuma, mpini ulirudi mezani. Nilimwona mara nyingi akifanya hivyo, na nakiri kwamba ilikuwa kama kumtazama mtu akiswali. Sheria njema. Ila sheria yoyote inayotegemea mkono wa mtu mmoja, ina uzima wa mkono huo tu.

Shemeji yake alikuwa muuza nyama katika bucha la barabara kubwa. Bucha halikuwa lake, lakini benchi lilikuwa lake kwa miaka mingi kiasi kwamba watu walilitaja bucha kwa jina lake la utani, Mnofu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kupita ukuta, na kati yake na Makali kulikuwa na utani usiokwisha. Alikuwa hawezi kupita nje ya karakana bila kutupa neno.

"Hujambo, muuza vyuma vya kutu?"

"Sijambo, mla makombo ya mizani. Ng'ombe wa leo alikufa kwa kuchinjwa au kwa uzee?"

"Alikufa kwa kusubiri kisu chako."

Na mke wa Makali, akiwa ndani na sufuria zake, alipaza sauti, "Nyinyi wawili! Watoto wa shule wana adabu kuliko nyinyi." Aliyasema hayo akicheka. Kwake yeye vita vile vilikuwa ushahidi kwamba mumewe na ndugu yake wanapendana, na hakukosea.

Ganzi ilianza bila kugonga hodi. Mtu aliyekandamiza chuma kwenye jiwe linalozunguka tangu ujana wake, mtetemo ukipanda vidoleni kutwa nzima, mwisho vidole hivyo huzima. Kwanza vilikuwa vyeupe asubuhi za baridi. Kisha Makali akawa anahangaika na vifungo vya shati. Mkewe alitambua siku alipompa chai ya moto kwenye kikombe cha bati, akakishika kikombe chote kiganjani, akanywa taratibu, huku mke mwenyewe aliyekileta akiwa amekizungushia kanga.

"Baba, huoni moto?"

"Mikono ya fundi hiyo. Ngozi ya kifaru."

"Kifaru hafungwi vifungo na mkewe. Nenda hospitali."

"Nikawaambie nini? Kwamba sijaungua?"

"Ukawaambie ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo cha kidole? Kwani kidole nacho kinazikwa?"

Alicheka, na kicheko kikamaliza mazungumzo. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyofanya na ukweli unaobisha mlangoni. Hawaufukuzi. Wanautania mpaka unachoka, unaondoka wenyewe.

Si kwamba alikuwa mjinga. Alijua. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akijipima akiwa peke yake, akichukua msasa mkavu na kipande cha pembe laini, akifumba macho na kujaribu kutambua kipi ni kipi. Siku nyingine alipatia. Siku alizokosea alijiambia ni uchovu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo lingemzindua mtu yeyote mnyofu. Mkono uliokufa ganzi, kwa kuwa haujui umeshika kiasi gani, hushika kupita kiasi. Salamu yake ikawa nzito. Watu waliondoka wakikung'uta vidole, wakisifu, "Mzee yule bado ana nguvu!" Mnofu ndiye aliyelalamika.

"Makali, unanisalimia au unanikamata? Salamu zako siku hizi ni za polisi."

"Mkono wako umelegea kwa kushika maini."

Wakacheka wote wawili. Mke wa Makali, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Lakini hakusema.

Mwaka ule Mnofu alitaka kisu kipya cha kutolea nyama kwenye mfupa, kisu chembamba chenye ncha. Kile cha zamani kilikuwa kimenolewa mpaka kimekuwa kama sindano. Makali aliamua kumfanyia kazi ambayo mtaa haujaiona. Alitafuta pembe nyeusi yenye mstari mweupe kama maziwa, akaichemsha, akaikandamiza kwenye jiliwa, akaichonga kwa kufuata ngumi ya udongo ya Mnofu iliyokuwa ubaoni siku nyingi. Mbele ya mpini aliacha kifundo kidogo cha kuzuia mkono usisogee kwenye makali. Alidharau vizuizi vya chuma. Alisema ni vya mafundi wasiojua mkono.

Kisha akaanza kupiga msasa. Alipiga akitafuta ule ulaini alioujua. Vidole havikumwambia kitu, akapiga tena. Vikamwambia kidogo, akaona amekaribia, akapiga tena. Na kile kifundo cha mbele kikawa kinaondoka naye, unga kwa unga, mpaka kikabaki kama chunusi. Vidole vyake vilipokiri hatimaye kwamba sasa mpini ni laini, ulikuwa umeshaupita ule mpaka zamani. Uling'aa. Hata mimi niliuona, nikausifu. Wote tuliusifu. Wahenga walishasema kuhusu mgema na tembo, na sina la kuongeza.

Mkewe alikuja nao mkononi hadi dirishani, akaugeuzageuza. Mwanamke yule alikuwa amemenya na kukatakata kila kilicholiwa katika nyumba ile tangu aolewe.

"Baba, huu si unateleza?"

"Unateleza wapi?"

"Hapa. Nipe mafuta nijaribu mimi."

"Kisu cha bucha hakijaribiwi na mtu wa vitunguu. Lete hapa."

Akaupaka mafuta mwenyewe. Akafumba macho. Akakishika kisu kwa ule mkono usiojua kiasi, akaukamata mpini kama anayemnyonga nyoka, akasukuma. Ncha ikazama kwenye gogo. Mkono haukusogea. Usingeweza kusogea. Hakuna mtu mwenye vidole vizima anayeweza kufanya kazi kutwa nzima huku ameshika kisu namna ile.

"Umeona?" alimwambia mkewe. Mkewe akasema ameona, akarudi jikoni.

Katika saa ile palikuwa na watu wawili waliojua kwamba vidole vile havihisi, na wote wawili walikiacha kisu kitoke. Sitaki kumwonea huruma mmoja ili nimlaumu mwingine. Mume alinyamaza kwa sababu ya sifa yake. Mke alinyamaza kwa sababu ya amani ya nyumba. Ni sababu mbili tofauti, na mtu wa tatu ndiye aliyezilipia.

Mnofu alikitumia kisu siku chache kwa majigambo makubwa, akiwaonyesha wateja mstari ule mweupe. "Shemeji yangu ana midomo michafu," aliwaambia, "lakini mikono yake imetoka peponi." Asubuhi moja bucha limejaa, alikuwa akitoa nyama kwenye paja, mkono umelowa mafuta. Akaisukuma ncha kwenye kiungo. Ncha iligonga mfupa. Kisu kilisimama. Mkono haukusimama. Ulipita juu ya kile kifundo kilichokuwa chunusi, vidole vyote vikateremka kwenye makali, na makali ya Makali yalikuwa makali kweli.

Hospitali waliziunga kano zilizokatika, kwa kadiri kano zinavyoungika. Vidonda vilifunga. Vidole havikufunga. Kidole gumba na cha shahada vilibaki na kazi, cha mwisho kilipinda nusu, na viwili vya kati vilisimama tu, vimenyooka kama watu waliopigwa na habari mbaya. Kwa mkono ule Mnofu aliweza kubeba mfuko na kushika mlango. Kisu hakuweza. Mkono wa kushoto ulikuwa haujawahi kufanya lolote ila kuishikilia nyama. Mwenye bucha, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia hivi: "Benchi lako nitalishikilia mpaka mvua ziishe. Baada ya hapo, ndugu yangu, itabidi niweke mtu." Basi jambo likawa hilo. Kabla mvua hazijaisha, ama Mnofu ashike kisu, ama aliache benchi ambalo ndilo lililompa hata jina.

Na nani alilaumiwa? Mnofu alijilaumu mwenyewe.

"Nilikuwa napiga domo," aliwaambia wote waliokwenda kumjulia hali. "Mtu anakata nyama huku anasimulia mambo ya watu. Mungu amenifunga mdomo kupitia mkono." Makali alipofika kitandani pake, Mnofu alijaribu kumchangamsha yeye. "Shemeji, usinitazame hivyo. Kisu chako kizuri mno, kimenikata bila hata maumivu. Kingekuwa cha kiwandani ningelia."

Pale ndipo mahali pa kusema. Maneno yenyewe ni machache: vidole vyangu vilikuwa vimekufa, nami nilijua. Mtu anaweza kuyasema bila kuvuta pumzi. Makali badala yake alisema, "Nitakutengenezea mpini. Utarudi kwenye benchi lako, nakuahidi."

Mnofu alilia. Na tangu siku hiyo ahadi ikakaa mahali pa ukweli.

Sijapata kumwona mtu akifanya kazi kama Makali miezi ile. Alimfinyisha Mnofu udongo upya, na ngumi ile mpya ilikuwa ya kusikitisha, donge lenye dimbwi moja la kidole gumba na mikwaruzo. Aliiweka ubaoni kando ya ile ya zamani. Kwanza alichonga mpini mnene wa mpera wenye mifereji ya vidole. Mifereji ni ya vidole vinavyopinda. Vya Mnofu vililala juu yake kama wageni waliokosa viti. Akavisha mpini mpira wa tairi. Ulishika vizuri ajabu, wakashangilia, kisha mpira ukanywa mafuta, ukavimba, ukawa unateleza kama ini. Akapanga vipande vya ngozi kimoja juu ya kingine. Vilinyonya damu, na mwenye bucha alisema kitu chenye harufu ile hakiingii dukani kwake. Akazungushia kamba ya katani, na Mnofu akarudi na kovu limechunika.

"Ilikuwa ikikwaruza, hukusikia?" Mnofu aliuliza, bila shari.

"Nilidhani itazoeleka," alisema Makali, ambaye hakusikia chochote.

Akatengeneza mkanda wa kukifunga kisu kiganjani. Mnofu alikijaribu, akatikisa kichwa. "Shemeji, kutoa nyama kwenye mfupa si kusukuma, ni kugeuza. Hiki kimeniota, hakigeuki. Nikitaka kujikuna pua nitajichinja." Wakacheka, na kicheko kile Makali alikimeza kama dawa chungu.

Mkewe hakumwacha. "Mwambie ndugu yangu."

"Nikimaliza mpini."

"Mpini na hilo vinahusiana nini?"

"Akisharudi kazini, litakuwa neno dogo. Sasa hivi ni neno kubwa."

Haya ndiyo mahesabu ya wanaokwepa, na nimeyasikia kwa watu wa kila daraja. Wanangoja mpaka wema wao uwe mrefu kuliko kosa lao, ndipo wapande juu yake na kulikiri. Hawafiki. Kazi nzuri hailipi neno la kweli lililozuiwa, kama ambavyo kulima shamba la jirani hakurudishi mbuzi uliyemwibia. Na kuna hili pia. Kama Makali angesema mapema, Mnofu angepeleka ngumi yake kwa fundi mwingine mwenye vidole vizima. Walikuwapo. Kila siku aliyonyamaza alimnyang'anya Mnofu siku moja ya mvua.

Mpini wa mwisho ndio uliokaribia. Makali aliacha kabisa umbo la kisu akafuata la msumeno, mpini uliosimama nyuma ya chuma, unaosukumwa kwa kiganja na kugeuzwa kwa kidole gumba na cha shahada, vile viwili vilivyobaki na uhai. Vidole vilivyokufa vilikaa nje, havikuombwa kitu. Mnofu alikwenda nao kwenye benchi la bucha kabla ya wateja, akatoa mnofu mmoja kwenye mfupa. Taratibu, kwa kukwaruzakwaruza, lakini aliutoa. Alirudi karakana akikitikisa kisu hewani, na sauti ile ya kupita ukuta ikasikika tena mtaani.

"Muuza vyuma vya kutu! Uko wapi? Umefanya kitu kinachofanana na kazi!"

Mke wa Makali alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Nadhani ndiyo saa pekee mwaka ule nyumba ile ilipopata matumaini.

"Kuna mahali padogo tu panauma," alisema Mnofu. "Panagonga kovu. Hapa."

"Hapa?" Makali alipitisha kidole gumba.

"Hapana, chini kidogo. Kuna ukingo."

"Hapa?"

"Shemeji, si uguse? Upo wazi kama pua yangu."

Makali alichukua tupa. Ili kuufikia ukingo ilibidi akigeuze kisu, aushike ubapa kwa mkono wa kushoto, na kuupiga mpini tupa kwa wa kulia. Alipiga mahali pasipo. Mnofu alimwelekeza, akapiga tena, akizungumza, akieleza kwamba kesho angepaka nta. Mnofu ndiye aliyetazama chini. Kulikuwa na matone sakafuni, mekundu, juu ya unga wa mti, na yalikuwa yakiongezeka.

"Makali, unatoka damu."

"Nani?"

"Wewe! Mkono! Umeshika makali, mtu wa Mungu!"

Makali akautazama mkono wake wa kushoto. Kisu kilikuwa kimeingia kwenye vidole kiasi kikubwa. Aliutazama kama anayetazama mkono wa mtu mwingine. Mkewe alikimbilia kitambaa. Mnofu alibaki amesimama, na uso wake, ambao mtaa mzima uliujua kwa vicheko, ukaanza kufanya kazi nyingine. Alikuwa muuza nyama. Alijua mtu anavyoruka akikatwa.

"Husikii?"

Makali akaiweka tupa mezani.

"Huu nao?" Akaushika ule wa kulia, akavibinya vidole kwa kucha. "Makali. Tangu lini?"

"Umri tu, shemeji, mtu akizeeka..."

"Nakuuliza tangu lini. Kabla ya kisu changu, au baada?"

Mke alikuwa akifunga kitambaa. Mikono yake ilisimama.

"Kabla," alisema Makali.

"Ulikijaribu kwa mafuta?"

"Nilikijaribu."

"Kwa mkono gani?"

Makali akauinua kidogo, ule wa kulia, kisha akaushusha. Mnofu akamgeukia mwanamke.

"Dada. Ulijua?"

"Nilimwambia akwambie. Kila siku nilimwambia."

"Yeye ulimwambia. Mimi je? Nani alikufunga mdomo?"

Akarudi kwenye fundo la kitambaa. Mnofu alikichukua kile kisu kwa mkono wa kushoto, akakilaza mezani polepole, chuma kikitazama ukutani, kama anavyokilaza mtu anayeheshimu watoto wa nyumba. "Nimewaambia watu wote kwamba kosa ni langu," alisema. "Hata mke wangu. Amenisema kwa mdomo wangu mrefu mpaka nimeamini." Kisha akatoka. Hakufunga mlango wala hakuubamiza.

Mvua ziliisha. Ule ukingo haukuondolewa. Makali alimpelekea kisu kwa mkono wa mtu, kikarudishwa bila neno. Bucha likapata mtu mpya, kijana mkimya asiye na jina la utani, na wateja wakamzoea upesi kuliko tulivyotarajia.

Makali hatimaye alikwenda hospitali. Walimwambia vidole havirudi. Alizima mashine, na nitampa haki yake, kwa kuwa kile kilichofuata kilikuwa kigumu kwake na hakuna aliyemlazimisha. Alianza kupita kwa wateja, mmoja baada ya mwingine, kuwaeleza kwamba mikono yake ilikuwa imekufa ganzi na kwamba visu vyake vya miaka ya karibuni si salama. Aliwaomba wavirudishe. Lakini alipoulizwa ni visu vipi hasa, hakuweza kujibu. Ganzi haikumwachia tarehe. Hakujua yeye mwenyewe ni mpini upi wa mwisho alioujua kwa vidole na upi wa kwanza alioukisia.

Na watu walikataa. Mpishi wa hoteli alimwambia, "Mzee, acha unyenyekevu, kisu chako nitazikwa nacho." Mwanamke wa maua alikificha nyuma yake kama mtoto anayenyang'anywa peremende. Mshona viatu alidhani mzee anataka kumwongezea bei. Uongo alioupiga msasa miaka yote ile ulikuwa umewakolea, na ukweli ulipofika ukiwa mkavu na bila mng'aro, hakuna aliyeutaka. Vilirudi vichache. Vingine vipo majikoni na kwenye meza za watu hadi leo, vinang'aa, na vinasubiri siku ya mafuta.

Jikoni kwake mkewe anakatia kisu cha kiwandani chenye mpini wa plastiki. Hawazungumzii kwa nini. Ngumi za udongo bado zipo ubaoni chini ya dirisha, na kati ya zote mbili za Mnofu, ile ya zamani ndiyo pekee inayofunga.

Mnofu sasa anauza mayai. Huyabeba kwa trei, mkono mbovu chini na mzima juu, na hutembea pole sana, yeye aliyekuwa akitikisa ardhi. Njia yake inapita mbele ya karakana. Makali hukaa kizingitini asubuhi, mikono mapajani. Siku za mwanzo aliinua kichwa kila aliposikia hatua, akingoja tusi. Angelifurahia tusi lolote, hata la mama yake.

"Habari za asubuhi, fundi," husema Mnofu, kwa adabu.

"Nzuri. Na wewe?"

"Nzuri. Nashukuru."

Naye hupita na mayai yake.